Mifupa nje ya ngozi: chuma cha Pompidou na ukumbi wa mji wa pwani

Swali: Mimi ni msanifu majengo, nina miaka michache kazini. Ofisi yetu imepewa kubuni ukumbi wa wananchi na maktaba katika mji wa pwani, upana mita 24 na urefu mita 60. Nimependekeza kenchi na nguzo za chuma zibaki nje zionekane, kama Centre Pompidou, jumba la maktaba na maonyesho la Paris. Mkuu wetu anasema hilo ni pambo la gharama, chuma mahali pake ni ndani ya zege au juu ya dari. Nani yuko sahihi? Na tukikubaliana, tuanzie wapi?

Jibu: Mkuu wenu yuko sahihi nusu, na nusu hiyo msipoisikiliza itawatoa jasho. Chuma kilichoanikwa nje bila kazi ni pambo kweli, tena pambo linaloota kutu. Lakini Pompidou haikuwa hivyo, na kabla ya kuitumia kama hoja kikaoni inafaa uijue hadi kwenye pini zake.

Shindano lake lilifanyika mwaka 1971, michoro 681 ikaletwa. Walioshinda ni Renzo Piano, Richard Rogers na Gianfranco Franchini, pamoja na wahandisi wa kampuni ya Arup, Peter Rice akiwa miongoni mwao. Jengo lilifunguliwa mwaka 1977. Wazo lao lilikuwa la kiraia kabla halijawa la chuma. Waliacha karibu nusu ya kiwanja iwe uwanja wa watu, na sakafu walizitaka tupu kabisa, bila nguzo hata moja katikati, ili maktaba leo iwe hapa na kesho maonyesho yakae papo hapo. Sakafu tupu yenye upana wa karibu mita 45 haiji bure: nguzo, mabomba, ngazi na lifti vyote vilisukumwa nje. Mifupa ilitoka nje kwa sababu ndani palitakiwa nafasi. Hilo ndilo jibu la kwanza la kumpa mkuu wako. Kama ndani ya ukumbi wako hakuna kinachopatikana kwa kutoa nguzo nje, mwache ashinde.

Sasa tazama kiungo chenyewe. Kinaitwa gerbereti, kwa jina la Heinrich Gerber, mhandisi Mjerumani wa madaraja wa karne ya 19. Ni kipande cha chuma cha kusubu (kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu), urefu kama mita 8, uzito karibu tani 10, kilichovalishwa kwenye nguzo kama pete na kukalia pini. Ukitaka kukielewa usianze na vitabu, mkumbuke mchukuzi wa maji mwenye mzegazega. Ndoo ameining'iniza mbele, karibu kabisa na bega, na nyuma kwenye ncha ndefu ya mti ameweka mkono, anavuta chini kidogo ili mti usipinduke. Bega ni nguzo, ndoo ni kenchi iliyobeba sakafu, mkono unaovuta ni nondo nyembamba inayoshuka wima hadi kwenye msingi.

Vipimo vinasema hayohayo. Kutoka nguzo hadi nguzo ya upande wa pili ni mita 48. Kenchi zenyewe (ndiyo, kenchi za sakafu, si za paa tu) zina urefu wa mita 44.8. Tofauti ni mita 3.2, yaani kila upande kenchi inaning'inia mita 1.6 ndani ya mstari wa nguzo. Nondo ya kuvuta iko mita 6 nje ya nguzo. Upande wa ndani wa gerbereti tuuite mkono mfupi, 1.6, na wa nje mkono mrefu, 6. Kenchi ikileta tani 100 kwa mfano, nondo ya nje itavuta 100 × 1.6 ÷ 6, karibu tani 27, na nguzo itabeba jumla, tani 127. Nguzo haipindwi, inagandamizwa tu wima, ndiyo maana iliwezekana kuwa bomba la kipenyo cha milimita 850 badala ya ukuta mzima. Kenchi nayo ilifaidika. Kwa mzigo uleule kwa kila mita, mpindo wa katikati hukua kwa mraba wa urefu, kwa hiyo kupunguza kutoka mita 48 hadi 44.8 kunaokoa takribani asilimia 13. Fremu hizo ziko 14, zimeachana mita 12.8, na kila ghorofa ina kimo cha mita 7. Kipande kimoja, kazi moja, kimerudiwa pande zote mbili ghorofa baada ya ghorofa.

Mtu asiyejua uhandisi anayasoma haya akiwa amesimama uwanjani, ingawa hawezi kuyataja. Kinachogandamizwa ni mrija mnene, kinachovutwa ni nondo isiyo na tundu. Ndani ya kenchi ni vivyo hivyo: juu mirija miwili, chini nondo mbili nzito. Mrija unapinga kupinda kwa sababu chuma chake kiko mbali na kiini. Nondo inayovutwa haihitaji hilo, inajinyoosha yenyewe. Ukichora nguzo na vivutio (vipande vinavyovutwa) vyote kwa bomba moja la ukubwa mmoja, kwa kuwa dukani ndilo lililopo, umeifuta sarufi hiyo, na hapo mkuu wenu anapata nusu yake ya pili.

Tulete hesabu kwako. Tuseme unaweka kenchi kila mita 6, jumla 11, na unatumia mkono mfupi wa mita 0.8 na mrefu wa mita 2.4. Paa jepesi la bati na fito lina uzito wa kama kilo 50 kwa mita ya mraba, na mzigo wa watu wa matengenezo tuseme kilo 75. Kila kichwa cha kenchi kinachukua mita 6 kwa 12, yaani mita za mraba 72, kwa hiyo tani 9. Nondo ya nje inavuta tani 3, nguzo inabeba 12. Nondo hiyo inataka kung'oa msingi, kwa hiyo ongeza usalama wa 1.5: unahitaji uzito wa tani 4.5 chini, karibu mita za ujazo 2 za zege kwa kila nondo. Wengi husahau zege hili, wanachora msingi wa nguzo kisha nondo wanaifunga kwenye sakafu ya veranda.

Lakini hatari kubwa kwako ni upepo, na hapa ndipo kunakili Pompidou bila kufikiri kunaumiza. Sakafu zake ni nzito, paa lako ni jepesi. Upepo wa pwani ukifyonza paa juu kwa kilo 100 kwa mita ya mraba, ni tani 7.2 kwenda juu dhidi ya tani 3.6 za uzito wa paa. Zinabaki tani 3.6 zinazoinua kenchi. Mzegazega unageuka: ncha ya ndani inapanda, ncha ya nje inashuka, na ile nondo nyembamba iliyozoea kuvutwa sasa inasukumwa kwa tani 1.2. Nondo ya milimita 24 yenye urefu wa mita 6 haina la kufanya hapo, itapinda kama mkeka. Nguzo nayo inavutwa juu kwa tani 4.8, kwa hiyo bolti zake za msingi si za kushikilia tu.

Fundi atakwambia "tukaze nati zaidi." Haisaidii. Mkono huu ni mizani: ukikaza nondo unainua kenchi tu, hujaweka mkazo wa akiba. Kukaza kunafaa kwenye misalaba ya ukutani, zile nondo za umbo la X zinazozuia jengo kuyumba, kwa sababu pale nondo mbili zinavutana. Wala usitundike veranda nzito kwenye mkono mrefu ukidhani ni dawa. Siku ya kawaida inaipunguzia nondo mvuto, siku ya upepo inaongeza msukumo. Dawa ni tatu: badilisha nondo iwe mrija, au ongeza uzito wa paa hadi upepo usilishinde, au funga kizuio kwenye nguzo kinachozuia mkono kuzunguka upande wa pili. Mimi ningechagua mrija, na ningeuchora waziwazi kuwa mrija, kwa sababu ndio ukweli wa jengo lako.

Je, usubu vipande au ulehemu pleti? Pale Paris walisubu, na Rice alivutiwa na vifundo vya chuma cha kusubu alivyoviona kwenye maonyesho ya Osaka ya 1970. Kusubu kunakupa umbo linalonenepa pale penye nguvu na kukonda pasipo na nguvu, bila mshono. Lakini kalibu ni ghali, na chuma kinene cha kusubu kina hila: kikipoa vibaya kinakuwa chepesi kupasuka ghafla bila kupinda kwanza. Vipande vya mwanzo vya gerbereti vilivunjika kwenye majaribio kabla ya kufikia mzigo uliotakiwa, na ikabidi vitibiwe upya kwa joto. Wewe una mikono ya chuma 22, miwili kwa kila kenchi. Kwa idadi hiyo ningekata pleti mbili pacha za chuma cha S355 (daraja la chuma cha ujenzi) kwa mashine, unene wa milimita 20 hadi 25, nikaziacha nafasi katikati na kuziunganisha kwa vipande vya kati, nguzo ikapita katikati yake. Uzuri wa pleti ni kwamba umbo la mkono, nene kwenye pini na jembamba kwenye ncha, linabaki vilevile, na karakana yoyote nzuri inaliweza. Taka chuma chenye alama ya J0 au J2, maana yake kimepimwa kisivunjike kwa kishindo, na mishono yote mikuu ipimwe kwa mawimbi ya sauti, si kwa jicho.

Pini ndiyo mahali watu hugusa na kupiga picha, kwa hiyo ndiyo inayofichua uzembe. Tundu liwe kubwa kuliko pini kwa milimita 1 hivi. Likizidi, jengo litagonga usiku upepo ukivuma, na wazee wa mtaa watasema lina majini. Likiwa dogo, fundi atalichoma kwa gesi pale pale juu ya jukwaa, na rangi yote ya kinga imekwisha. Andika kwenye mchoro, kwa herufi kubwa, kwamba hakuna tundu linalokatwa kwa gesi eneo la ujenzi. Vichwa vya bolti vyote vielekee upande mmoja. Ni kanuni ndogo, haigharimu kitu, na bila hiyo kazi huonekana ya kubahatisha. Si kila kitu kinataka usafi huo, lakini. Kinachotazamwa kutoka chini ya mita 6, mishono isawazishwe. Kilicho juu ya hapo acha mshono wa kawaida ulio nadhifu, uokoe fedha.

Kuhusu moto, jibu mapema, kabla ya kuulizwa na Zimamoto. Chuma kikifika nyuzi joto 600 kimebakiwa na chini ya nusu ya nguvu yake, na katika moto wa kipimo cha maabara hewa hupita nyuzi 840 ndani ya dakika 30. Paris walijaza maji kwenye nguzo za nje, na kenchi za ndani wakazivika kinga. Wewe huhitaji maji. Nguzo yako iliyo nje, mbali na madirisha, huenda isipate joto la kutosha kuiumiza, na hilo linahesabika. Cha kuangalia ni unene. Nondo nzima ya milimita 100 ina ngozi ya mita za mraba 40 kwa kila mita ya ujazo ya chuma, mrija wenye ukuta wa milimita 5 una 200. Mrija huo unapata moto haraka zaidi kwa mbali, na ndio utakaokula rangi nene ya kuvimba, ile inayoumuka kama andazi ikiguswa na moto. Rangi hiyo ina uso wa maganda ya chungwa, hivyo omba sampuli kabla ya kuahidi chuma laini kinachong'aa. Mara nyingi ni nafuu kuongeza unene wa ukuta wa mrija kuliko kuongeza rangi.

Kutu ndiyo mada ambayo Paris haiwezi kukufundisha vya kutosha, kwa sababu Paris haina chumvi ya Bahari ya Hindi. Kwenye ISO 12944, viwango vya kimataifa vya kukinga chuma kwa rangi, ufukwe wenye chumvi nyingi ni daraja C5, yaani kutu kali sana. Ninavyopendelea ni kuchovya kwenye zinki kisha kupaka rangi juu. Beseni la zinki lina joto la nyuzi 450 hivi, na mrija uliozibwa pande zote ukiingizwa humo hulipuka. Lazima uwe na matundu ya kutolea hewa na zinki, na matundu hayo uyachore wewe yakae mahali pasipoonekana, la sivyo mchovyaji atayatoboa anapopenda. Uliza pia urefu wa beseni kabla ya kuchora, maana ndio unaoamua kenchi yako ikatwe vipande vingapi, na viungo hivyo vitaonekana. Kwa chuma kinene kuliko milimita 6, zinki iwe wastani wa mikroni 85 au zaidi. Kisha ipigwe mchanga kwa wepesi, kwa sababu zinki mpya ni laini na rangi huchubuka juu yake, ndipo ije epoksi na juu yake poliyurethani inayovumilia jua. Rangi isipakwe unyevu wa hewa ukizidi asilimia 85, wala uso wa chuma ukiwa chini ya nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande. Pwani hiyo ina maana usianze saa moja asubuhi.

Hata hivyo rangi haiokoi mchoro mbaya. Maji yakikaa, kutu inashinda. Chaneli, chuma chenye umbo la U, ielekeze mgongo juu, isiwe bakuli. Kati ya pleti mbili pacha, ama pazibwe kabisa kwa mshono unaoendelea, ama pawe na nafasi ya mkono wenye brashi. Pengo la milimita 10 ni kaburi. Kingo kali zisuguliwe ziwe mviringo wa milimita 2, kwa sababu rangi hukimbia kwenye ncha, na kabla ya kila koti kingo na bolti zipakwe kwanza kwa brashi. Mguu wa nguzo uinuliwe sentimita 20 au zaidi juu ya sakafu, ukalie grauti, juu ya zege lenye mteremko. Mkiwa na vivutio vya chuma cha pua, vitenganishwe na chuma cha kawaida kwa washa (pete) za nailoni. Vikigusana na maji ya chumvi yakiwepo, chuma cha kawaida ndicho kinacholiwa.

Chuma kilicho nje kinapumua pia. Kila mita hurefuka milimita 0.012 kwa nyuzi joto moja, kwa hiyo mita zako 60 zikipita kutoka nyuzi 22 za alfajiri hadi 57 za jua la mchana zitarefuka milimita 25. Weka msalaba wa kuzuia kuyumba kwenye nafasi ya katikati ya urefu, ncha zote mbili ziwe huru, kila upande utahama kama milimita 13 na viungo vya bati vitalimeza hilo. Ukiweka misalaba kwenye ncha zote mbili, umekifunga chuma kisipumue, na kitakachopasuka ni ukuta.

Mahali mkono unapopenya ukuta kuingia ndani ndipo pa kuchora mara tatu. Jengo likiwa na kiyoyozi, chuma cha ndani kinapoa, hewa ya nje yenye unyevu ikikigusa kinatoa jasho na kudondosha matone kwenye rafu za vitabu. Ukiweza, usipenyeze kabisa: kiungo cha kenchi na mkono kikae nje ya kioo, kenchi ikipita juu ya paa na dari ikining'inia chini yake. Ukishindwa, uvishe mkono kola ya mpira, mteremko uelekee nje, na pleti ya kuchuruzisha maji chini ya mkono.

Mnaanzia wapi? Chora kiungo kimoja kwa ukubwa wake halisi, kikate kwa mbao, kisimamishe ofisini mkuu wenu akitazame. Kisha lipia mkono mmoja halisi wenye pini, zinki na rangi, uwe kipimo cha kuhukumia mingine 21. Kwenye karakana, kenchi ya kwanza iunganishwe chini na mikono yake kabla haijachovywa. Bolti za msingi zimwagiwe zege zikiwa zimeshikwa na kiolezo cha chuma, si cha mbao, zikiwa na mirija inayoziruhusu kusogea milimita 20 hivi, kwa kuwa kosa la bolti chini huonekana juu kwenye mkono.

Na kwenye bajeti mtakayoipeleka halmashauri, tengeni mstari wa kupaka rangi upya, pamoja na ndoano za kufungia kamba za wapakaji, zikiwa zimelehemiwa kabla ya zinki. Centre Pompidou ilikarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2000, na mwaka 2025 ikafungwa tena kwa miaka kadhaa ya ukarabati mkubwa, ukiwemo wa kuondoa asbesto. Kama halmashauri haiwezi kuahidi mpakaji baada ya miaka 15, pelekeni kenchi ndani, mikono ya nje iwe michache, na hiyo michache ifanyeni kwa chuma kinene.